Kaburi la mfalme baharini: je, kuna cha kuona Bongil-ri?

*Swali: Ninasoma Busan, Korea Kusini, mwaka wa pili. Baba yangu, mwalimu wa historia mstaafu kutoka Bagamoyo, anakuja kunitembelea mwezi wa kumi na moja, na tutapata siku mbili tu za kutoka nje ya jiji. Amesikia habari za mfalme aliyezikwa ndani ya bahari katika kijiji cha Bongil-ri, karibu na Gyeongju, na anataka kuona hilo kuliko Seoul yote. Wenzangu darasani wananivunja moyo. Mmoja anasema wataalamu walishachunguza wakakuta hamna kitu, ni hadithi tu. Mwingine amenionyesha picha ya watu wakivuka daraja hadi mwambani. Je, kaburi lipo au halipo? Tutafika mwambani kwa daraja, kwa mashua, au tungoje maji yapwe? Nasikia pia kuna kituo cha umeme wa nyuklia karibu, na waganga wanaopiga ngoma ufukweni. Baba ni Mwislamu, na goti lake la kulia si zima. Sitaki asafiri kilomita elfu kumi kuja kutazama jiwe.*

Ndugu yangu, hofu yako naifahamu. Unamwona mzee amesimama juu ya kokoto, upepo wa Novemba unampiga, mbele yake mwamba na ndege wa baharini, halafu anakugeukia: "Ndiyo hili?" Mimi yalinipata hayo nilipokwenda mara ya kwanza. Nilishuka kwenye basi, nikaenda moja kwa moja ufukweni, nikatazama dakika kumi, nikapiga picha, nikaondoka na baridi yangu. Nimerudi mara tatu tangu hapo, na kosa langu nimelijua: nilianzia mwisho. Habari ya Bongil-ri inaanzia bara, kilomita moja na kitu kutoka pwani, kwenye magofu ya hekalu la Gameunsa. Tutafika huko. Kwanza tuondoe yaliyokuchanganya.

Picha ya daraja si ya Bongil-ri. Ni ya Ulsan, mji wa kusini yake, kwenye bustani ya pwani ambayo nayo inaitwa Daewangam, maana yake Mwamba wa Mfalme Mkuu. Watu wa Ulsan wanausimulia mwamba wao kuwa ni wa malkia, mke wa mfalme huyuhuyu wa Bongil-ri, na kweli pale unavuka daraja ukapanda miamba. Majina yanafanana kiasi kwamba ukimwambia dereva wa teksi "Daewangam" tu, anaweza kukupeleka kusiko. Sema "Munmu Daewangneung", yaani kaburi la Mfalme Mkuu Munmu, na utaje Bongil-ri au Gyeongju.

Mwamba wa Bongil-ri uko mita 200 hivi kutoka ufukweni na hauna daraja. Ni eneo la kihistoria lililowekwa chini ya ulinzi wa taifa tangu mwaka 1967, na wageni hawapandi. Mtautazama kutoka nchi kavu.

Kuhusu kungoja maji yapwe, hapo umeuliza kama mtoto wa Bagamoyo. Kwetu wakati wa bamvua bahari inarudi nyuma hadi mtu anatembea kwa miguu palipokuwa na mashua asubuhi. Bahari ile, ambayo Wakorea wanaiita Bahari ya Mashariki, haina tabia hiyo. Imezungukwa na nchi kavu karibu pande zote, na milango yake kwenda bahari kuu ni myembamba, kwa hiyo wimbi la kujaa na kupwa halipati nafasi ya kuingia kwa nguvu. Tofauti ya maji kujaa na kupwa pale haizidi sana urefu wa rula ya shule. Ajabu ni kwamba upande wa pili wa nchi hiyohiyo, Incheon, maji hupanda na kushuka mita tisa. Ukikaa Bongil-ri kutwa kungoja kupwa, utakuta mwamba uko palepale na maji yako palepale. Nahisi hata hilo lilichangia mahali hapa kuchaguliwa: ni mwamba wa karibu ambao hata hivyo hakuna siku bahari inaufungulia njia.

Sasa swali lako kubwa. Munmu alikuwa mfalme wa 30 wa Silla, dola iliyokuwa na makao yake Gyeongju. Alitawala kuanzia 661 hadi 681. Baba yake alikuwa ameuangusha ufalme jirani wa Baekje mwaka 660 akishirikiana na dola ya Tang ya Uchina; Munmu akauangusha ufalme wa kaskazini, Goguryeo, mwaka 668; kisha akageuka kupigana na hao Tang wenyewe, waliotaka kuimeza nchi yote, hadi vita vikaisha mwaka 676. Miaka kumi na tano ya utawala wa miaka ishirini na mmoja ilikuwa vita. Hili mzee alishike, maana wasia wa mfalme huyu ni wasia wa mtu aliyechoka.

Wasia huo umehifadhiwa katika Samguk Sagi, historia rasmi iliyokamilishwa mwaka 1145. Ndani yake mfalme anasema ameagiza silaha ziyeyushwe zifanywe zana za kilimo. Anataka kodi zisizo za lazima zifutwe. Halafu anayataja makaburi makubwa ya wafalme waliomtangulia, vile vilima vya majani ambavyo bado vimejaa Gyeongju kama vichuguu vya majitu: mwishowe, anasema, yanakuwa kifusi tu, watoto wachungaji wanaimba juu yake, mbweha na sungura wanachimba mashimo ubavuni. Ni kupoteza mali na kuwatesa watu bure. Kwa hiyo akaamuru kwamba siku kumi baada ya kufa kwake, mwili uchomwe moto kwa desturi ya Kibuddha, kama ilivyofanywa India, na mazishi yasiwe na gharama.

Historia hiyo inaongeza kwamba mawaziri walimzika kwenye mlango wa Bahari ya Mashariki, juu ya jiwe kubwa. Zingatia maneno hayo mawili: alichomwa, na juu ya jiwe. Mwenzako anayesema "hamna kitu" anatafuta sanduku na mifupa, na sanduku na mifupa hakuna aliyewahi kuandika kwamba vilikuwepo.

Alichosikia ni habari ya uchunguzi wa mwaka 2001. Mwamba ule una umbo la pekee. Katikati pana uwazi kama kidimbwi, na mifereji minne inatoka humo kuelekea pande nne. Maji huingia kwa mfereji wa mashariki na kutoka taratibu kwa wa magharibi, kwa hiyo hata nje kukiwa na mawimbi, ndani huwa kumetulia. Katikati ya kidimbwi, chini ya maji, limelala bamba kubwa la jiwe lenye urefu wa zaidi ya mita tatu na nusu, kutoka kaskazini hadi kusini, na mgongo wake umekaa kama wa kobe. Miaka mingi iliaminiwa kwamba chini ya bamba hilo kuna chungu cha majivu ya mfalme. Watafiti walipoyapunguza maji na kupima, hawakukuta chumba wala shimo lililochongwa. Basi wapo wanaosema bamba liliwekwa na watu na mifereji ilichongwa. Wapo wanaosema yote ni kazi ya bahari na nyufa za mwamba wenyewe.

Mimi nimeegemea wapi? Kwenye ushahidi ambao wageni wengi hawaujui, nao haupo ufukweni. Mfalme huyu aliandikiwa jiwe la kumbukumbu, likavunjika, vipande vikapotea, vikaonekana, vikapotea tena. Kipande cha chini kilipatikana mwaka 1961. Kipande cha juu kilionekana mwaka 2009 katika ua wa nyumba ya mtu mjini Gyeongju, kikitumika kama jiwe la kufulia nguo. Maandishi yake yanataja mwili kuchomwa juu ya kuni zilizopangwa, na katika sehemu ya mashairi kuna maneno manne ambayo tafsiri yake ni karibu na hii: mifupa ikasagwa kwenye kivuko cha nyangumi. Kivuko cha nyangumi ni bahari. Kwa macho yangu hii ni habari ya majivu kumwagwa majini, na mwamba ule ndio mahali yalipomwagwa. Wenzangu kadhaa bado wanashikilia chungu, na siwezi kuwafunga mdomo kwa maneno manne ya shairi. Lakini ukiulizwa "kaburi lipo?", jibu: mahali pa mfalme pana ushahidi wa maandishi, chumba cha kaburi hakijawahi kuonekana.

Na joka? Utasikia kila mtu anasema mfalme aliusia azikwe baharini ili awe joka la kuilinda nchi na wavamizi kutoka Japani. Katika wasia halimo. Samguk Sagi yenyewe inasema tu kwamba watu husimulia hivyo. Masimulizi kamili yako katika Samguk Yusa, kitabu cha mtawa Iryeon cha karne ya 13, ambamo mfalme anamwambia mtawa wake kwamba akifa angependa kuwa joka kubwa. Mtawa anashtuka: joka si mnyama tu? Mfalme anajibu kwamba fahari za dunia zimemchosha siku nyingi, na kama malipo yake ni kuzaliwa mnyama, basi hilo ndilo alilolitaka. Mimi napenda mazungumzo hayo kuliko kitu kingine chochote katika habari hii. Ni yuleyule mtu wa kwenye wasia.

Sasa njooni Gameunsa, na hapa ndipo nakuomba muanzie. Munmu alianza kulijenga hekalu hili karibu na mlango wa mto ili Buddha aizuie Japani. Akafa kabla halijaisha. Mwanawe, Sinmun, akalimaliza mwaka 682 na kulipa jina lenye maana ya kushukuru wema. Leo majengo ya mbao hayapo. Zimebaki pagoda mbili za mawe, minara ya ghorofa tatu tatu inayozidi mita 13, kila mmoja na fimbo ya chuma ikichoma mbingu kutoka kileleni. Hazikuchongwa kwa jiwe moja. Ni vipande vingi vilivyopangwa na kuunganishwa kama useremala. Ilipofunguliwa pagoda ya magharibi mwaka 1959 na ile ya mashariki mwaka 1996, ndani yake kulikuwa na makasha ya shaba ya kuhifadhia masalio ya Kibuddha, yenye sura za walinzi wanne wa mbinguni. Kazi yake ni nyembamba kiasi kwamba unatamani kuitazama kwa miwani ya sonara.

Hata hivyo, usimruhusu mzee aishie kwenye minara. Mpeleke katikati, palipokuwa na jumba kuu, mwambie ainame kidogo kama goti linaruhusu. Ataona mawe marefu yamelazwa sambamba juu ya misingi, kama boriti za nyumba ya mawe ya Bagamoyo, na chini yake kuna uwazi wa sentimita 60 hivi. Hekalu halijengwi hivyo. Sakafu hulala juu ya udongo ulioshindiliwa, na hakuna sababu ya kijenzi ya kuacha uvungu. Iryeon ameandika sababu: chini ya kizingiti cha jumba kuu palitobolewa tundu upande wa mashariki ili joka liingie na kuzunguka humo. Kitabu kiliandikwa miaka 600 baada ya hekalu, na akiolojia ya karne ya 20 ikaukuta uvungu kweli. Kwa hiyo hata kama joka ni hadithi, ni hadithi ambayo mafundi wa mwaka 682 waliijengea njia ya mawe. Mwana alitaka baba yake awe na pa kuingilia nyumbani.

Alikuwa na haja ya baba huyo. Mwaka uleule wa 681, Sinmun akiwa ndio kwanza amekalia kiti, baba mkwe wake Kim Heum-dol alikamatwa kwa uasi na kuuawa. Ukilijua hilo, hadithi ya tatu unaisikia tofauti. Mwaka 682 mfalme huyu kijana aliambiwa kuna kilima kinaelea baharini kuelekea Gameunsa, na juu yake mwanzi ambao mchana ni miwili na usiku ni mmoja. Akaenda, joka likamtokea, akaliuliza maana yake. Likamjibu kwamba kiganja kimoja hakitoi sauti, viwili vikikutana ndipo sauti hutoka. Baba yako atamalizia mwenyewe: kidole kimoja hakivunji chawa. Mwanzi ukakatwa, ikatengenezwa filimbi iitwayo Manpasikjeok, yenye kutuliza mawimbi elfu kumi. Ikipulizwa, adui hurudi nyuma, maradhi hupona, mvua hunyesha penye ukame. Falme tatu zilizounganishwa juzi kwa upanga, uasi ndani ya nyumba ya mfalme, halafu filimbi ya mianzi miwili inayokuwa mmoja. Mwalimu wa historia haitaji kuelezwa zaidi.

Kutoka hapo teremkeni hadi Igyeondae, kibanda cha mbao kando ya barabara, kwenye kijilima kinachotazama mlango wa mto. Ndipo inaposemwa Sinmun aliliona joka. Kibanda chenyewe ni cha 1979, kilijengwa juu ya misingi iliyofukuliwa mwaka 1970, kwa hiyo msikishangae kwa ukale. Kazi yake ni kumkalisha mtu mahali panapofaa. Kaeni. Kutoka hapo mwamba unaonekana ukiwa na bahari yote nyuma yake, na mgongoni kwenu ni bonde mlikotoka. Mto unaopita hapo chini ni Daejongcheon, Mto wa Kengele Kubwa. Wavuvi wanasimulia kwamba Wamongolia, walioliteketeza hekalu la Hwangnyongsa mwaka 1238, walikuwa wakisafirisha kengele yake kwa maji ikazama hapo, na siku za tufani inasikika ikilia. Imetafutwa chini ya maji, haijapatikana.

Ufukwe wa Bongil-ri uwe wa mwisho, na wakati huo mtautazama mwamba kwa macho mengine. Ngoma mtazisikia kweli. Wanaozipiga ni mudang, watu wanaohudumia mizimu na miungu, wengi wao wanawake. Ukifikiria ngoma za pepo za kwetu hutakosea sana. Huja kumwomba Mfalme Joka wa baharini. Utawaona kwenye mahema wamepanga matunda, wali, samaki mkavu na mishumaa, na Wabuddha nao wakiachia samaki hai majini kama thawabu. Mzee hatalazimishwa kushiriki chochote. Pitieni mbali kidogo, msikanyage wala kuruka vilivyopangwa, na msiwapige watu picha bila ruhusa. Yupo aliyekuja pale kwa ajili ya mgonjwa au marehemu wake.

Kituo cha nyuklia kipo, kinaitwa Wolsong, kilomita chache kusini, na kinu chake cha kwanza kilianza kuzalisha umeme kibiashara mwaka 1983. Zaidi ya hapo, ndani ya Bongil-ri yenyewe kuna hazina ya kuzikia taka za mionzi za kiwango cha chini na cha kati, iliyokubaliwa kwa kura ya wakazi wa Gyeongju mwaka 2005 na kuanza kazi 2015. Maghala yake yako chini ya ardhi, kina cha mita 80 hadi 130 chini ya usawa wa bahari. Fani yangu ni mambo ya kale, si mionzi. Ninachoweza kusema ni kwamba watu wanaishi pale, wanavua, na wageni wanakuja kila siku, na mimi nimemchukua mama yangu mzazi bila wasiwasi. Wakazi wenyewe wana mjadala wao mrefu kuhusu mitambo hiyo, na ni haki yao.

Kuhusu goti, hapa ndipo ningebana mpango. Gameunsa ina mwinuko mfupi na ngazi chache, atamudu polepole. Igyeondae ni rahisi. Ufukweni mchanga na kokoto huteleza chini ya kiatu, kwa hiyo abaki karibu na barabara, hatapoteza kitu. Hekalu la pango la Golgulsa liko njiani na watu watakushawishi, lakini kupanda kule ni kwa ngazi za mwambani na kamba za kushikilia. Liacheni. Siku ya pili mpeleke Jumba la Makumbusho la Taifa la Gyeongju, akalione jiwe la kumbukumbu la Munmu, na uani kengele ya Mfalme Seongdeok ya mwaka 771, tani 18.9 za shaba, ili ajue kengele iliyosemwa kuzama ilikuwa kitu cha namna gani. Muda ukibaki, nendeni Seokguram, hekalu la pango mlimani lenye Buddha wa mawe: njia ya kwenda kwenye Buddha huyo ni ndefu kidogo lakini haina mwinuko mkali, isipokuwa ngazi za mwishoni.

Kutoka Busan treni ya kasi hufika Gyeongju kwa karibu nusu saa. Basi namba 150 linatoka mjini kupitia Gameunsa na Bongil-ri, ila hupita kwa nadra. Uliza saa za kurudi kabla hamjapanda la kwenda. Kwa mzee mwenye goti bovu mimi ningekodi teksi kwa nusu siku, tukapatana bei mapema.

Yako mambo ambayo maandishi yangu hayatoshi. Goti likiwa limevimba au linamnyima usingizi, amwone daktari wake kabla ya safari, siyo baada ya saa kumi na kitu za kukaa kwenye ndege. Mkifika Gyeongju pitieni dawati la habari za watalii, waulizeni kama siku hiyo kuna mwelezaji wa historia wa kujitolea pale Gameunsa; kama Kikorea chako hakijakaa sawa, namba 1330 hujibu maswali ya wageni kwa Kiingereza. Na siku hiyo kukiwa na tahadhari ya mawimbi, msisogelee maji hata kama bahari inaonekana shwari. Bahari ile haipwi wala haijai kama yetu, lakini hutupa wimbi moja kubwa bila kupiga hodi, na kila msimu wa baridi wapo wanaochukuliwa wakipiga picha. Dharura ni 119.

Mwambie mzee alete koti zito na kofia ya kufunika masikio. Ule wasia wa mbweha na sungura uandike kwenye karatasi kwa Kiswahili, mkifika Igyeondae mpe ausome mwenyewe.